Nimeombwa nitengeneze apu ya wakulima huku Pemba, nianzie wapi?

mtoto_wa_konde aliandika:

Asalaam alaykum wajameni. Naomba mawazo na msinicheke.

Mie kijana wa Konde, kompyuta nimesoma chuo Unguja, sasa nimerudi nyumbani natengeneza simu na kuprinti vyeti hapa barabarani. Mjomba angu ni katibu wa kikundi cha wakulima, watu kama arubaini hivi, wengi akina mama wa mwani, wengine tungule (nyanya) na muhogo, na wazee wachache wenye mikarafuu yao. Juzi kaja na hoja kwamba kuna watu wamewaambia kikundi kikiwa na "mfumo wa kidijitali" kinasikilizwa upesi kwenye misaada, na kwa vile mtoto wetu kasoma kompyuta basi atutengenezee apu. Nimekubali kabla sijafikiri, unajua tena kwa mjomba hapana haitoki mdomoni.

Wiki mbili nzima nachora. Nikaweka bei za masoko, nikaweka hali ya hewa, maradhi ya mimea kwa picha, na pahala pa kuuzia mtandaoni bila dalali, nikaona khalas nimemaliza. Jumapili nikampelekea mama mdogo, analima mwani tangu mie sijazaliwa. Alikuwa ndo kwanza katoka pwani mikono imeloa maji ya chumvi, anapapasa kioo hakifanyi kitu, anapapasa tena kikaruka kikafungua kamera, akajiona uso akacheka. Akafuta mkono kwenye kanga, akatazama, akanambia "mwanangu nzuri, sasa hapa mie nifanye nini?" Nikamwonesha ukurasa wa bei. Akasema bei ya mwani hata mbuzi wa hapa anaijua, mnunuzi ni huyo huyo mmoja.

Wallahi niliishiwa nguvu. Sasa masuali yangu, hizi teknolojia za wakulima wadogo zinasaidia kweli ama ni maneno ya semina tu? Kama kuna nchi zimefanikiwa walifanya nini khasa? Na kwenye watu arubaini wenye simu za kupapasa hawafiki kumi, wengine wote vitochi. Nianzie wapi?

fundi_wete aliandika:

Anzia kwa kumwambia mjomba kuwa apu inataka bando na bando inataka pesa na pesa ndo hiyo wanayoitafuta 😂😂

Ila kweli, usisahau chaji. Watu wanadhani tangu waya wa umeme uliopita baharini kutoka Tanga ule wa 2010 basi kila nyumba ina umeme, njoo vijijini uone simu zinavyoletwa dukani kwangu zimefungwa na karatasi ya jina, jioni anakuja kuchukua. Hiyo apu yako saa sita mchana mwenyewe hayupo na simu haipo.

shoga_wa_paje aliandika:

Waalaykum salaam. Mama ako mdogo kakwambia kweli na mie nakuongezea.

Huku Paje na Jambiani ndo mwani ulikoanzia biashara, 1989, bi mkubwa wangu alikuwa katika wa mwanzo mwanzo. Kwa hiyo tumeshaona kila aina ya mgeni na kila aina ya karatasi. Miaka ya nyuma ulikuja mradi, siutaji, wakatugaia simu wanawake kumi na ndani yake mna kitu cha kutwambia bamvua, yale maji makubwa, lini na maji yanatoka saa ngapi. Sie tukatazamana. Mtu amelima mwani miaka ishirini unamwambia bamvua lini? Mwezi mpya na mwezi kumi na nne, hiyo hata mtoto wa chuoni anajua, saa ya kutoka maji unaihesabu kwa vidole kutokana na jana yake. Wamesafiri mbali kuja kutufundisha kitu tulichokijua na tusilolijua hawakutuuliza.

Tusilolijua ni joto la maji. Mwani ule wa bei, kotoni, siku hizi haushiki tena kule karibu, maji yakishapata moto unageuka mweupe unakatika vipande, unakwenda bamvua moja unakuta kamba tupu inaelea. Ule mwengine, spinosumu, unavumilia lakini bei yake ndogo. Wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Dk Flower Msuya na wenzake, wamekuwa wakifundisha kulima kwenye maji ya kina kwa nyavu za mrija, sawa, lakini maji ya kina yanataka chombo na yanataka mtu anayejua kuogelea na wengi wetu hatujui. Sasa mtu akinambia kuna kidude cha kupima joto la maji kinachoniletea ujumbe wa sauti "wiki hii usipande kotoni, panda spinosumu" huyo nitampikia pilau.

Jengine la bei. Ndugu yangu, sie kamba na taitai, vile vijikamba vya kufungia mwani, tunapewa na mnunuzi mwenyewe. Aliyekupa kamba ndo utakayemuuzia, ndo makubaliano. Sasa unanionesha kuwa kule Kidoti bei iko juu ili nifanyaje, nikalie?

Na kuna hili la vidole, waliokaa maofisini hawalijui. Ule mwaka wa kusajili laini kwa alama za vidole, 2019, bi mkubwa alikwenda kwa wakala mara tatu. Kidole kinawekwa, mashine inakataa. Kinafutwa mafuta, kinawekwa, inakataa. Kamba na chumvi zimemla alama, ncha za vidole laini kama kijiko. Mwisho laini ikasajiliwa kwa jina la kaka yangu. Basi tangu siku hiyo pesa ya mwani ya mama ikiingia kwa simu inaingia kwa jina la mwanawe. Kaka yangu mtu mwema alhamdulillahi, lakini kuna wenye kaka wengine. Kwa hiyo ukija kuandika "mkulima: jina, namba ya simu" jua hiyo namba si yake.

msomi_wa_baraza aliandika:

Dada wa Paje umemaliza sehemu kubwa. Mie nitajibu hilo la nchi nyengine maana kuna kisa huwa nakihadithia barazani mpaka watu wamechoka.

India upande wa kusini, jimbo la Kerala, wavuvi wa samaki wa jamii ya dagaa. Simu za mkononi zilianza kuingia pwani ile kati ya 1997 na 2001, na minara iliwekwa karibu na bahari kiasi mtu akiwa na chombo maili kadhaa nje anapata mtandao. Kabla yake nahodha akipata samaki anarudi bandari yake tu, hajui kwengine kukoje, akikuta samaki wamejaa anamwaga baharini, na siku hiyo hiyo bandari ya jirani watu wamekosa hata wa kitoweo. Simu zilipokuja wakaanza kupiga wakiwa bado majini, wapi kuna mnunuzi, wapi hakuna. Mchumi mmoja Robert Jensen alizifuata bei zile kwa miaka na akaandika 2007. Samaki wa kumwagwa wakaisha, bei za bandari moja na nyengine zikakaribiana, faida ya mvuvi ikapanda kwa asilimia 8 na mlaji naye akashukiwa na bei kwa asilimia 4. Wote wawili walipata, jambo ambalo kwenye biashara si la kila siku.

Sasa tazameni vizuri. Hapo hapakuwa na apu. Hapakuwa na mradi. Ilikuwa simu ya kupiga "halo" tu. Na ilifanya kazi kwa sababu tatu, samaki anaoza, bandari ni nyingi, wanunuzi ni wengi. Ukiondoa moja tu habari ya bei haina kazi.

Tuje kwetu. Karafuu: mnunuzi ni shirika la serikali, ZSTC, bei inatangazwa, mtu wa Mtambwe na mtu wa Kengeja wanauza bei moja. Ukurasa wa bei wa nini? Mwani: kashasema dada. Lakini TUNGULE ndugu yangu, na samaki wa Tumbe, hapo ndo Kerala yako. Mie shemegi yangu analima tungule, siku jahazi limeshuka Wete na tungule za bara bei inaanguka mchana ule ule, naye hajui, kashachuma asubuhi tenga sita anafika sokoni anazigawa kama sadaka. Angejua jana jioni asingechuma, tungule inangoja siku mbili mtini ikiwa haijaiva sana. Anachohitaji ni mtu mmoja bandarini wa kumpigia. Hiyo si kompyuta, ni urafiki na vocha.

Kwa hiyo usiulize "apu ya wakulima". Uliza zao gani, na mkulima wake akijua leo kitu ambacho hakujua jana atafanya nini tofauti. Kama jibu ni "hakuna" usiweke huo ukurasa.

mtu_wa_tanga aliandika:

Nyie watu wa visiwani mnamkatisha tamaa dogo bana. Mimi niko upande wa pili wa maji huku na naona mnafanya kama teknolojia haijasaidia mtu. M-Pesa je? Imeanza Kenya 2007 na leo bibi yangu kijijini ambaye hajui kusoma anapokea hela, anajua sauti ya mlio wa meseji ya hela na ya matangazo, anazitofautisha kwa mlio tu. Hiyo ni teknolojia ya mkulima mdogo hata kama haikuandikwa kilimo juu yake.

Halafu kuna historia yake watu hawaijui, jaribio la mwanzo lilikuwa la watu kulipia mikopo midogo kwa simu. Watu wakapewa, wakaanza kutumiana hela wao kwa wao, mjini kwenda kijijini, ndo kampuni ikashtuka ikageuza tangazo lote likawa la kutuma hela nyumbani. Kwa hiyo dogo tengeneza kitu, watie mikononi, waone wao wataking'ang'ania wapi. Ukisubiri hadi ujue kila kitu utazeeka na hicho kibanda cha kuprinti.

Na kumbukumbu je? Mkulima akiwa na rekodi ya alichouza miaka miwili anaweza kwenda kuomba mkopo. Bila rekodi benki wanamwona hewa.

shoga_wa_paje aliandika:

Kaka wa Tanga rekodi nzuri sikatai. Lakini rekodi kwa jina la nani? Rudi usome nilichoandika juu ya vidole.

mtu_wa_tanga aliandika:

Dah. Hapo umenipiga.

bwanashamba_mstaafu aliandika:

Assalaam alaykum. Nimesoma kimya kimya nikaona na mie mzee niseme neno. Nimefanya kazi ya kilimo Pemba miaka mingi, nimetembea kwa baiskeli mpaka nikatembea kwa pikipiki.

Kwanza kuhusu hilo la maradhi kwa picha. Kuna apu inaitwa Nuru, PlantVillage Nuru, ya chuo kimoja cha Marekani, Penn State, pamoja na IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo, na FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa. Unaelekeza kamera kwenye jani la muhogo inakwambia hili batobato, hili michirizi ya kahawia, hili zima. Na uzuri wake haitaki intaneti ukiwa shambani, kila kitu kimo ndani ya simu, na inasema Kiswahili. Mjukuu wangu alinitilia kwenye simu yake tukaenda nayo shambani. Nilitaka niione inakosea, uzee huo, nikaipa jani lililoungua jua tu. Haikukosea. Nikaipa batobato, ikasema batobato. Nilifurahi na nikaona wivu kidogo maana mie kujua hilo nimesoma na kutembea mashamba miaka mingapi.

Lakini sikiliza mwanangu. Michirizi ya kahawia ni ugonjwa mnafiki. Jani linaweza likawa halina ishara kubwa, shina limesimama, unang'oa muhogo unaukata unakuta ndani umeoza makovu ya kahawia kama kuni mbichi, haupikiki haukaushwi. Picha ya jani peke yake haikutoshi. Na la pili, ukishajua? Hakuna dawa ya kupiga. Virusi hivyo vinabebwa na inzi weupe na vinabebwa na sie wenyewe tunapogaiana vipando, mtu anamtembelea shangazi yake anarudi na mzigo wa miti ya muhogo na maradhi yamo ndani. Dawa yake ni kung'oa na kupanda mbegu safi, zile za kituo cha utafiti cha Kizimbani, zinaitwa Machui, Kama, Mahonda, na moja yenye jina hilo hilo la Kizimbani. Kwa hiyo apu ya kuonesha ugonjwa bila ya namba ya simu ya mtu mwenye vipando safi na siku gani gari linakwenda kuvichukua, ni kama daktari anayekwambia una homa kisha akafunga dirisha.

Jengine dogo lakini litakusumbua. Fomu. Zinaletwa fomu za kompyuta zimeandikwa "ukubwa wa shamba, hekta". Mzee wa karafuu hajui hekta. Atakwambia mikarafuu mia na kumi, ishirini imekufa. Atakwambia eka tatu, maana babake alipewa eka tatu na Mzee Karume baada ya Mapinduzi, na hizo eka tatu leo zimegaiwa watoto saba. Na wakati mwengine ardhi ya mtu mmoja na miti iliyo juu yake ya mtu mwengine, huku kwetu hilo la kawaida, kompyuta inataka jina moja tu kwenye kisanduku. Wachumaji wanalipwa kwa pishi, wewe umeweka kilo. Kama unatengeneza kitu kwa ajili ya Konde weka pishi, weka idadi ya miti. Nimeona kijana wa takwimu anamlazimisha mzee agawe kwa hekta, mzee akasema "andika unayoyataka mwanangu mie nimechoka." Na hivyo ndivyo ilivyoandikwa, na hivyo ndivyo ilivyokwenda mjini ikawa taarifa.

fundi_wete aliandika:

Mzee hiyo ya "andika unayoyataka" nimeicheka peke yangu dukani watu wananiangalia

sauti_ya_pwani aliandika:

Habari zenu. Mie nafanya kazi za redio kwa hiyo nina upendeleo wangu nauweka wazi mapema, mie naamini sauti kuliko maandishi.

Mtoto wa Konde, umeuliza nani kafanikiwa. Kisa changu nacho kinatoka India, jimbo la Gujarat. Kuna kitu kilianzishwa kule karibu 2008 kinaitwa Avaaj Otalo. Avaaj ni sauti. Na otalo, nilipoambiwa maana yake nilicheka, ni kile kibaraza cha mbele ya nyumba wanapokaa watu jioni kuzungumza. Baraza la sauti! Yaani wametafuta duniani kote wakaishia barazani.

Kazi yake ilikuwa hivi. Mkulima wa pamba au wa bizari ana kitochi chake, anapiga namba, bure, sauti inamwambia kwa lugha yake bonyeza hii kuuliza, bonyeza hii kusikiliza. Anarekodi suali lake kwa mdomo wake. Mtaalamu anajibu kwa sauti, lakini na mkulima mwengine yeyote anaweza akajibu. Halafu, na hapa ndo utamu, wengi walikuwa wanapiga si kuuliza bali kusikiliza masuali ya wenzao. Kama watu wanavyokaa barazani hawana la kusema lakini hawaondoki.

Baadae wakafanya jaribio. Waliwauliza wakulima mnamwamini nani, wengi wakasema mtaalamu. Na wakawapelekea vidokezo kwa simu, vyengine kwa sauti ya mtaalamu na vyengine kwa sauti ya mkulima mwenzao, na mwisho wa kila kidokezo wakaweka ukitaka kujua zaidi piga. Waliopiga zaidi ni kwa vile vya mkulima mwenzao. Mdomo ulisema mtaalamu, kidole kikabonyeza jirani.

Na kuna wengine huko huko India, Digital Green, wao wanapiga video fupi mkulima wa kijijini anaonesha anavyofanya, wanaionesha kijiji cha jirani kwa projekta ndogo, na mwanzilishi wake amesema mara nyingi kuwa suali la kwanza watu wanalouliza si la mbolea wala la mbegu, wanauliza huyo anaitwa nani na wa kijiji gani. Sasa niambieni hao si Wapemba? Pemba utazungumza nini usiulizwe kwanza weye mtoto wa nani.

Kwa hiyo ushauri wangu. Futa apu. Weka namba moja ya kikundi. Wenye vitochi wabipu, wewe uwapigie, rekodi suali, mtafute bwana shamba ajibu kwa sauti, na mama wa kikundi naye ajibu kwa sauti. Zile simu saba au nane za kupapasa zinatosha, ziwekwe spika watu wamekaa kwenye chanja wanageuza mwani, simu moja watu kumi. Na nenda Redio Jamii Micheweni hapo, si mbali na wewe, uwaombe masuali yenye maana yarushwe, redio haitaki bando na inafika majini.

mtu_wa_tanga aliandika:

Dogo tupe mrejesho usituache hewani

mtoto_wa_konde aliandika:

Asalaam alaykum. Samahanini nimechelewa, ilikuwa bamvua na nyumbani watu wote pwani.

Nimefanya kama alivyosema wa redio, kidogo kidogo. Nimetafuta kitochi kilichoachwa dukani na mwenyewe hakurudi mwaka wa pili huu (akirudi nitamrejeshea inshaallah), nikatia laini, nikaiandika namba kwa rangi kwenye ukuta wa banda la mizani. Mama mdogo ndo aliyetangaza maana mie ningesema wangedhani nauza vocha.

Wiki ya kwanza wamebipu watu tisa. Wawili walikuwa wanajaribu tu kama nitawapigia kweli. Mmoja kauliza majani ya tungule yanajikunja, nimempelekea bwana shamba wa kwetu, kajibu kwa sauti, nimeirusha, na kabla haijafika jioni bibi mmoja wa kikundi kaleta sauti yake dakika nne nzima anampinga bwana shamba, na wengi wamesikiliza ya bibi. Bwana shamba sijamwambia.

Lakini waliobaki sita, SITA, suali lao ni moja. Lori linakuja lini?

Mie sikuelewa nikaenda kwa mama mdogo. Akanambia mwani ukishakauka wanaubeba hadi kwenye mizani, na mnunuzi anasema lori Jumatano, wanakuja Jumatano na viroba kichwani, lori halipo, wanalala nao, mvua ikinyesha usiku mwani umeloa, asubuhi unaambiwa mbichi unakatwa kilo ama unaambiwa rudi ukaanike tena. Mwezi uliopita yeye peke yake viroba vinne. Miaka yote hiyo na hakuna aliyewahi kuliweka kwenye mkutano kama tatizo, kwa sababu lori kutokuja ni kama mvua kutokunyesha, nani utamlaumu.

Basi nikaitafuta namba ya dereva. Nimempata kwa kupitia binamu yake wa Wete, na fundi_wete nakushukuru unajua mwenyewe. Sasa siku moja kabla, baada ya isha, nampigia, unakuja? Akisema anakuja narekodi sauti sekunde kumi, "lori kesho lipo", akisema haji "lori kesho halipo, msishushe". Inarushwa kwa zile simu nane na wenye vitochi nawapigia viongozi watano kila mmoja anawaambia wake. Jumatano iliyopita hakuna aliyelala na kiroba.

Joto la maji sijalisahau dada wa Paje, nimeanza kuuliza bei ya vile vipimo.

Tabu yangu ni mjomba. Kaja jana na daftari, anasema wale watu wa misaada wanataka kuuona mfumo, apu iko wapi awapigie picha. Nimemwonesha kitochi. Kanitazama kisha kakitazama kitochi, akaondoka bila kuaga. Nimwandikieje?

msomi_wa_baraza aliandika:

Andika "mfumo wa taarifa za usafirishaji kwa njia ya sauti". Hujasema uongo hata neno moja.

shoga_wa_paje aliandika:

Na huyo dereva mtilieni vocha kikundi kizima, asije akaacha kupokea simu yako. Tena usimpigie mara tu baada ya isha, mpigie akishakula.